Kununua Cessna 172 kuukuu: uanze na toleo lipi

Usianze kwa kuuliza ndege ni ya mwaka gani. Uliza herufi ya toleo, ile inayofuata namba 172. Cessna walianza kuuza 172, ndege ndogo ya viti vinne, mwishoni mwa 1955, wakaitoa kwenye 170 yenye gurudumu la mkiani kwa kuihamishia gurudumu la tatu puani. Mpaka sasa zimetengenezwa zaidi ya 44,000, nyingi Wichita, Kansas, na nyingine Reims, Ufaransa, ambazo utazitambua kwa F iliyotangulia namba. Kiwanda kilisimama 1986, kikarudi 1996, kwa hiyo tunaposema 172 kuukuu tunazungumzia zile za kabla ya hapo. Katika hizo, herufi ya mwisho ndiyo inayokutajia injini, na injini ndiyo itakayokula pesa zako.

Nafasi ya kwanza tunaipa 172M, ya 1973 hadi 1976. Ina Lycoming O-320-E2D ya silinda nne, nguvu za farasi 150, na kiwanda kinaipa saa 2,000 kabla ya kufunguliwa yote. Kwenye M ndipo ukingo wa mbele wa bawa ulipopindishwa kidogo kwenda chini, na ndege ikawa pole zaidi mwendo unapopungua. Flapi, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zinashuka hadi digrii 40, jambo la thamani kwenye kiwanja kifupi chenye miti mwishoni. Udhaifu wake ni plagi. Mgandamizo wa injini hii ni 7.0 kwa 1, iliundwa itumie petroli ya oktani 80, lakini leo unaipa 100LL, petroli ya ndege yenye madini ya risasi mengi zaidi. Fungua plagi za chini: ukikuta vijipunje vigumu vya kijivu vimejishikiza kwenye ncha, hiyo ni risasi, na ndiyo inayofanya injini itetemeke unapopima magneto, vifaa vinavyozipa plagi cheche. Dawa yake ni kupunguza petroli kwenye mchanganyiko tangu unapotembea ardhini, usiiache injini ingurume taratibu ikiwa imejaa petroli. Mgandamizo huohuo mdogo una faida yake pia: kuna kibali cha ziada kinachoruhusu petroli ya magari isiyo na ethanoli, lakini hakikisha mamlaka ya nchi yako inakitambua.

Ya pili ni 172P, 1981 hadi 1986. Injini ni O-320-D2J, farasi 160, na uzito wa juu wa kuruka umepanda kutoka kilo 1,043 hadi 1,089. Flapi zimezuiwa kwenye digrii 30. Kwa mtu wa pwani M inatosha, ila anayeruka kutoka Wilson, Nairobi, futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari, aitangulize P. Kwenye urefu huo injini isiyo na turbo hubaki na takriban asilimia 83 ya nguvu zake, hata kabla jua halijachoma: farasi 160 wanakuwa 132 hivi, 150 wanakuwa 124. Hao wanane utawahisi ukiwa na abiria watatu. Bei ya P iko juu kwa sababu shule za urubani zinaitaka, na nyingi zimetumikia shule, kwa hiyo hesabu mara ilizotua pamoja na saa.

Ya tatu, 172N ya 1977 hadi 1980, ndiyo inayohitaji macho zaidi. Ni ndege nzuri yenye injini iliyozaliwa na kasoro, O-320-H2AD. Kamshafti (mhimili unaofungua vali) na tapeti (vipande vinavyosukumwa nayo) za matoleo ya mwanzo zilikuwa zikichunika, ila tapeti zenyewe hutoka bila bloku ya injini kupasuliwa katikati. Lycoming baadaye walizirekebisha, na oili ya injini hii ni lazima iwekewe kiongezi LW-16702. Muuzaji akuoneshe kwenye vitabu vya kumbukumbu za ndege kwamba kiongezi kimewekwa kila oili ilipobadilishwa. Kata kichujio cha oili, kikunjue, pitisha sumaku juu ya karatasi yake: vumbi dogo si neno, lakini vipande vinavyong'aa vinavyonasa kwenye sumaku ni chuma cha kamshafti, na hapo muuzaji ashushe bei ya injini nzima au muachane. N iliyoruka kila wiki kwa miaka mingi ni salama kuliko yenye saa chache iliyolala bandani, kwa sababu injini isiyozungushwa oili hushuka, na kutu huanzia hapohapo kwenye kamshafti. Kuanzia modeli ya 1978 umeme ni volti 28, usinunue betri ya volti 12 kwa mazoea.

Nafasi ya nne ni 172I, K na L (1968 hadi 1972): injini ileile ya M, bawa la zamani. L ilileta miguu ya bomba la chuma badala ya bamba.

Za 1956 hadi 1967 zinashika mkia. Zina Continental O-300 ya farasi 145, laini kuisikiliza, lakini ina silinda sita, na za kubadilisha ni sita. Kabureta yake haipati joto la sampu (bakuli la chini) ya oili kama ya Lycoming, hivyo barafu huijia mapema kwenye hewa yenye unyevu. Ukiipenda hii, tafuta D ya 1963 au ya baadaye, yenye dirisha la nyuma. Tangu F ya 1965 flapi ni za umeme. 172RG yenye magurudumu yanayokunjwa isiwe ndege yako ya kwanza, matunzo ya mfumo huo ni gharama ya kudumu.

Kwa toleo lolote, kabla ya kulipa, vuta zulia la mbele uangalie reli za viti. Mashimo ya kushikia pini yawe mviringo. Yakiwa yamevutika kama yai, reli imechakaa. Kiti kikichomoka ndege ikipaa, rubani anarudi nyuma ameshika usukani, pua inanyanyuka naye. Kisha jilaze chini ya pedali na tochi, utazame ukuta wa moto, unaotenga injini na chumba cha rubani, pale mguu wa pua unapofungwa. Mikunjo au riveti zilizolegea zinakuambia ndege imewahi kutua kwa pua, hata kama vitabu vimenyamaza. Iliyoishi Mombasa, Malindi au Zanzibar ifunguliwe vifuniko vyote vya mabawa na mkia: unga mweupe kwenye aluminiamu ni kutu, na ukikuta bamba limefura kati ya riveti, kutu imeshaingia kwenye maungio. Mwisho fundi wako, asiwe wa muuzaji, apime mgandamizo wa silinda injini ikiwa ya moto. Kwa Lycoming, silinda iliyo chini ya 60 kwa 80, yaani inayobakiza chini ya psi 60 kati ya 80 zinazoingizwa, ivuliwe.