Taima Yenye Jicho: Hatimaye Pampu Yangu Inajua Usiku na Mchana

Haya, karibuni, karibuni tena! Leo sizunguki. Hiki kitu nimekaa nacho wiki 3 bila kukisemea na nimeshindwa kuvumilia. Taima ya pampu, ile inayopandisha maji kwa mimea ninayolima ndani bila udongo. Usiondoke! Najua taima ni taima, lakini hii subiri uione.

Volti na wati zimeandikwa ubavuni, soma kabla hujachomeka pampu yako. Mimi nataka muone hiki kidude hapa chini. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Kina ukubwa wa punje ya choroko. Hilo ni jicho, linaona mwanga.

Sasa tazama. Taa za mimea zinawaka. Kirungu cha juu, hiki cha kuzungusha, ni muda wa pampu kufanya kazi, cha chini ni muda wa kupumzika. Kwa kawaida naweka dakika 5 kazi, saa 2 mapumziko, ila leo mapumziko nimeyashusha hadi sekunde 10 tusije tukakesha. Sikiliza... ta! Umesikia? Maji hayo yanapanda kwenye trei. Nafunika jicho kwa kidole. Ta! Imezima. Hesabu nami sekunde 10... zimepita, kimya. 20... kimya. Hata nikishikilia hapa mpaka kesho haiwaki. Natoa kidole... ta! Jamani! Narudia, maana hapa ndipo penyewe. Kidole, kimya. Kidole nje, maji.

Kwa nini nashangilia? Mmea hunywa sana taa zikiwaka. Gizani, kwa mimea mingi tunayolima ndani, vitundu vya majani hufunga na kiu hupungua sana. Kwa hiyo mfumo wangu wa kujaa na kupwa, yaani pampu inajaza trei kisha ikizima maji yanashuka tena, unataka maji mchana, na usiku mara moja au hapana kabisa. Mimi taa zangu zilikuwa kwenye taima ya kidijitali yenye betri ndani, pampu kwenye ile ya gurudumu la vijino vya kubonyeza, linalozungushwa na umeme. Umeme ukikatika kwa muda wa saa 3, ya betri inaendelea kuhesabu, ya vijino inasimama palepale. Umeme ukirudi, pampu iko nyuma kwa saa 3. Ukikatika tena, inazidi kurudi nyuma. Siku moja nimeamka saa 9 usiku nasikia maji yanatiririka gizani, na mchana mimea imekaa kavu. Hilo jicho limenimalizia ugomvi huo.

Na hivyo vijino vyenyewe! Viko 96, kila kimoja dakika 15. Huwezi kushuka chini ya hapo. Trei yangu inajaa dakika 4, zile 11 zilizobaki maji yanazunguka tu kupitia bomba la kumwagia ziada. Mmea haufi, sisemi hivyo, wengi wanalima na dakika 15 na mavuno wanapata. Lakini faida ya mfumo huu iko kwenye kupwa. Maji yakijaa yanasukuma nje hewa iliyochoka, yakipwa yanavuta hewa mpya mpaka kwenye mizizi. Nataka yajae, yapwe, basi.

Hili la hewa lilinigharimu trei nzima ya saladi. Majani yalilegea mchana, nikajua ni kiu, nikaongeza maji kutoka mara 8 hadi mara 12. Yakalegea zaidi. Siku nimeinua kikopo cha mmea, mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza, inanuka kama dimbwi. Mzizi mzima ni mweupe na hauna harufu mbaya. Nilikuwa nimehama kutoka kokoto za udongo wa kuchoma kwenda kumbi za nazi, na ratiba sikuibadilisha. Mmea uliokosa hewa mizizini unalegea vilevile kama wenye kiu!

Kwa hiyo wanaoniuliza ratiba, nitajibu, lakini kwanza niambieni mnalimia nini. Kokoto hazishiki maji, anza na kila saa 2 taa zikiwaka. Kumbi za nazi zinashika sana, mara 1 hadi 3 kwa siku zinatosha kuanzia. Kisha ingiza kidole. Ondoa kokoto za juu, gusa zilizo chini yake. Angalia hii: ya juu imepauka, kavu. Ya chini yake ni nyeusi na ya baridi. Hapa hakuna haja ya maji bado.

 

Sasa yaliyoniudhi. Jicho halichagui mwanga. Taa ya ukumbini ikiachwa inawaka, pampu inaamka. Nimelizungushia utepe mweusi likawa kama bomba, linatazama taa ya mimea tu. La pili, tazama nachomoa plagi... nachomeka... ta! Inaanza na maji kila umeme ukirudi. Umeme ukikatika na kurudi mara 3, mimea imekunywa mara 3. Kwenye kokoto si neno. Kwenye kumbi za nazi hapana, na hapo nakiri nilitaka kuwaambia wote wanunue, sasa nasema walio na kokoto tu.

Maana bei nayo si ndogo, inakaribia ya taima 3 za vijino. Na kuna wasioihitaji kabisa. Mizizi yako ikielea ndani ya maji, pampu ya hewa inafanya kazi saa 24. Ukitumia mifereji yenye utando mwembamba wa maji, usiizime pampu, mizizi ile inakauka upesi. Na wa mbinu ya Kratky, ile ya chombo cha maji yaliyotulia, hamna hata pampu, maji yanashuka yenyewe na kuachia mizizi hewa.

Wengine niandikieni hapo chini vitu viwili: unalimia nini, na trei yako inajaa kwa dakika ngapi. Pima kwa saa, usikisie. Nikiwa na hivyo viwili, virungu vyote viwili nakupangia.