Puti ya Kijani kwa Mikunjo ya Nguo za Sanamu Ndogo

Puti ya epoksi (aina ya gundi ya kemikali inayoganda ikichanganywa) ambayo mafundi wa sanamu ndogo wameizoea kwa jina la Green Stuff, na ambayo pia huitwa Kneadatite, huuzwa ikiwa sehemu mbili, ya njano na ya buluu, ambazo zikikandwa pamoja kwa kiasi sawa hugeuka kijani na kuanza kuganda taratibu. Nimeitumia kufinyanga nguo za sanamu zenye kimo cha milimita 28 hadi 75, na kwa nguo iliyobana mwili sijapata puti inayoishinda, ilhali kwa joho linaloning'inia siipendekezi itumike peke yake.

Kinachoifanya ifae ni jinsi inavyonyumbuka. Nguo hukunjamana kwa sababu imevutwa mahali fulani na kulegea mahali pengine: mikunjo ya mkono wa shati huanzia kwenye kiwiko, ya suruali kwenye goti na kinena, kisha hutawanyika kama miale, ikipungua kina kadiri inavyosogea mbali na pale ilipoanzia. Puti hii ikibonyezwa kwa kifaa chenye ncha ya silikoni haikatiki bali huvutika, na kingo za bonde lililobonyezwa huinuka zenyewe kwa mviringo laini, vilevile kama kitambaa kinavyofanya.

Unyumbufu huohuo, hata hivyo, huchosha. Puti ikiwa bado mbichi hujirudi: unachora mkunjo, unageuka kulowesha kifaa, na ukitazama tena umekwisha kujifuta nusu. Kwa hiyo mimi hupanga kwanza mikunjo mikubwa tu, nikaiacha kwa dakika 30 au 40, ndipo nikarudi kuitia makali puti ikiwa imeanza kukaza. Muda wa kuifanyia kazi ni takriban saa moja na nusu, ingawa joto la taa ya mezani huufupisha, na kuganda kabisa huhitaji kama siku nzima. Ukizidisha njano inakuwa laini na yenye kunata zaidi. Ukizidisha buluu inakuwa ngumu na kushika kingo kali, jambo linalofaa kwa kola na mikanda.

Kwenye joho ndipo udhaifu wake unapoonekana. Hata ikishaganda hubaki na unyumbufu kidogo, haikubali msasa vizuri, na upindo ambao ungepaswa kuwa mwembamba hubaki mnene kama wa blanketi. Dawa yake ni kuichanganya nusu kwa nusu na Milliput, puti itengenezwayo Wales, ambayo hulainishwa kwa maji na kusuguliwa kwa msasa bila taabu. Kwa mchanganyiko huo, mikunjo ya joho, ambayo hushuka kutoka begani ikiwa myembamba juu na kupanuka kuelekea chini, hutoka safi, na kitambaa kinachobembea kati ya mabega mawili hupata umbo lake la nusu mwezi.

Anayenunua aangalie jinsi ilivyofungwa. Ile ya utepe huwa na sehemu mbili zinazogusana katikati, na pale zinapogusana huganda mapema. Ukanda huo mwembamba usipokatwa na kutupwa, chembe ngumu hujitokeza juu ya mkunjo uliokwisha kulainishwa. Zikiwa zimetenganishwa, usumbufu huo haupo. Glavu pia ni za lazima, kwani epoksi mbichi huweza kudhuru ngozi.

Kuhusu kulowesha vifaa, maji yanatosha. Niliwahi kutumia mafuta ya mgando kwa ukarimu kupita kiasi, na shali niliyoifinyanga juu ya tabaka la kwanza ikabanduka nzima siku ya pili, ikiwa na mikunjo yake yote.