Kadi ya mkopo ya safari au kadi ya ATM?

Kama unapanda ndege Entebbe mara kwa mara na kulala hotelini, kadi ya mkopo ya safari inakufaa. Kila malipo huleta pointi za tiketi, na hoteli ikizuia dhamana (pesa inazoshikilia kwenye kadi yako), inagusa kikomo cha mkopo tu; shilingi zako za benki zinabaki salama. Kwa kadi ya ATM, dhamana hufungiwa kwenye akaunti yako mwenyewe mpaka hoteli iiachilie, nawe ukiwa ugenini unazihitaji pesa hizo.

Lakini piga hesabu ya riba kwanza. Usipolipa deni lote kwa wakati, riba inameza pointi zote, na ada ya mwaka iko palepale. Kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo ni kujiumiza: kwa kawaida riba huanza siku hiyohiyo.

Mfanyabiashara wa Kikuubo, eneo la biashara jijini Kampala, anayekwenda Nairobi kwa basi na kulipa taslimu, pointi atazipata wapi? Huyo abaki na kadi ya ATM.

Kwa kadi yoyote, mashine ya dukani ikikuuliza ulipe kwa shilingi ya Uganda au sarafu ya huko, chagua ya huko. Kiwango cha mashine cha kubadilisha fedha mara nyingi hukuumiza.