Kipima oksijeni cha kidoleni: kizuri, ila muuzaji alinidanganya

Nimekitumia miezi minne sasa kwa bi mkubwa hapa Gungu, ana sukari mwaka wa 17 huu na zamani alikaa sana kwenye moshi kule Kibirizi akikausha samaki. Nilinunua elfu 35 duka moja la vifaa, jamaa akaniambia "hiki kinapima mapafu dada". Betri hakuweka, nikaishia kuvua za rimoti ya king'amuzi.

Sasa hakipimi mapafu, kinapima oksijeni kwenye damu na mapigo ya moyo basi. Bi mkubwa akikaa barazani kinasoma 97, tukafurahi wee, lakini akipandisha kutoka barabarani mpaka nyumbani anahema kama kabeba gunia. Siku moja nikambana kidole ndo anafika tu mlangoni, 90. Kesho yake asubuhi tuko kliniki ya sukari.

Dokta akatueleza kitu sijawahi kusikia, sisi tumezoea macho, figo na miguu. Kumbe na mapafu yamo, yamejaa mishipa midogo midogo kama ile ya kwenye jicho, sukari ikikaa juu miaka na miaka kuta zake zinakuwa nene oksijeni inapita kwa shida, halafu hiyo sukari inashikamana na zile nyuzi zinazofanya pafu livutike, pafu linakakamaa, hewa inayoingia inapungua, na yote hayo hayaumi hata kidogo. Ila hakuitupia sukari lawama zote, alisema moshi nao una lake, moyo uangaliwe, na makohozi yapimwe TB maana mwenye sukari uwezekano wake wa kuipata ni mara 2 mpaka 3 ya asiye nayo. TB hakuna alhamdulillah. Kile kipimo cha sukari ya miezi 3 ndo kilitutia aibu, 10.4, na wengi wanatakiwa wawe chini ya 7. Mapafu yenyewe yanapimwa kwa ile mashine ya kupuliza kwa nguvu, katuandikia, bado hatujaenda.

Kasoro zingine: vidole vikiwa vya baridi kinahangaika tu hakitoi namba, na wenye sukari ya muda mrefu damu haifiki vizuri vidoleni. Siku ya harusi ya mjukuu alipaka piko mpaka kwenye kucha, kikagoma kabisa. Tena sisi weusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walishatoa tahadhari 2021, kwa hiyo kikisoma 92 na mtu anahema, amini kifua chake kuliko namba.

Kwa bei ile nakipa 3 kwa 5. Mpime baada ya kutembea, sio akiwa amekaa anakunywa chai. Bi mkubwa anakiita kibanio cha nguo, na majirani washaanza kuja kukiazima, betri hawaleti.