Kopo la kijani la Tony Chachere's kwenye sufuria ya yakamein

Kwa yakamein ya kupika nyumbani, sijaona kiungo cha kopo kinachonifaa kuliko Tony Chachere's Original, lile kopo la kijani. Ila ukilishika bila kujua kilichomo, litakuharibia nyama ya pesa nyingi.

Kwa asiyeijua, yakamein ni supu ya ng'ombe ya Wamarekani weusi wa New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana. Chini kuna tambi za spageti, juu yake nyama iliyochemshwa mpaka ikachambuka, kisha supu nyeusi yenye sosi ya soya na viungo vya Kikreoli, yaani vya upishi wa huko Louisiana, nusu ya yai la kuchemsha, na majani ya vitunguu yaliyokatwa madogo madogo. Huuzwa kwenye vikombe, katika maduka ya mitaani na kwenye second line, misafara ya mitaani inayofuata bendi ya tarumbeta, siku za Jumapili. Wengine huiita Old Sober, kwa kuwa ndiyo inayowazindua waliokesha na pombe. Asili yake inabishaniwa mpaka leo: wapo wanaoihusisha na vibarua wa Kichina waliokuja Louisiana karne ya 19, wapo wanaosema ililetwa na askari weusi waliorudi kutoka vita vya Korea. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Tremé, mtaa wa New Orleans, hayuko kwenye mabishano hayo. Anachotaka ni supu ije ya moto na nyama isiwe ya kutafuta kwa kijiko.

Turudi kwenye kopo. Kampuni ilianzia Opelousas, huko huko Louisiana, mwaka 1972. Ndani kuna chumvi, pilipili nyekundu, pilipili manga, pilipili ya unga iliyochanganywa, kitunguu saumu kilichokaushwa, na kitu cha kuzuia unga usigandane. Chumvi imetajwa ya kwanza, maana yake ndiyo nyingi kuliko vyote. Robo kijiko cha chai ina miligramu 350 za sodiamu, kwa hiyo kijiko kizima kina 1,400, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku. Halafu sosi ya soya nayo inakuja na chumvi yake! Ndiyo maana kwangu sheria ni moja: kopo hili likiingia, chumvi ya kawaida hairuhusiwi kabisa kwenye sufuria hiyo, na vile vipande vya supu vya dukani havikaribishwi.

Nanunua nyama ya bega yenye mafuta kidogo na mfupa wa mguu. Nyama naipaka vijiko viwili vya chai vya Tony's kwa sufuria ya watu sita, naiacha ikae, kisha naikaanga kwa moto mkali mpaka iwe na rangi ya kahawia pande zote. Hapa ndipo kopo linaponifurahisha. Pilipili ikikutana na mafuta ya nyama, harufu inajaa nyumba nzima na watoto wanaanza kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. Halafu kitunguu maji, seleri na pilipili hoho, utatu ambao mpishi wa Kikreoli haanzi bila huo, pamoja na kitunguu saumu kibichi, kwa sababu kile cha kopo kimekauka mno kubeba supu peke yake. Maji yafunike nyama, moto uwe mdogo, kwa muda wa saa tatu. Usiharakishe. Nyama ya bega haijibu vitisho.

Sosi ya soya naiweka mwishoni, kijiko baada ya kijiko, huku naonja. Ukali wa Tony's hauji mdomoni mara moja, unashuka kooni baadaye, hivyo onja, subiri, ndipo uongeze. Anayetaka zaidi amwagie Crystal, sosi ya pilipili ya chupa, kwenye bakuli lake mwenyewe. Kuna wanaotia pia tomato kechapu. Mama mkwe wangu ni mmoja wao, na sasa hata mimi natia kidogo, kwa sababu utamu wake unatuliza soya.

Malalamiko yangu kwa Tony's ni hiyo chumvi tu. Ningependa pilipili na kitunguu saumu viongoze, niweze kuongeza harufu bila kuongeza chumvi. Wanalo toleo lisilo na chumvi, na ukiwa na mgonjwa wa shinikizo la damu nyumbani, nunua hilo, kisha uache sosi ya soya mezani kila mtu ajipimie. Sisi wengine, la kijani linatosha, na kopo moja linakaa muda mrefu.

Jambo moja kwa watakaobakiza: tambi zichemshe kando na zihifadhi kando. Zikilala ndani ya supu zinainywa yote, na kesho utakuta uji.