Ofisi ya serikali ya kijiji chetu, Kasulu: niliyoyaona tangu 2009

Ukishuka kwenye bodaboda karibu na uwanja wa gulio, ofisi utaiona mkono wa kushoto: vyumba viwili vya tofali za kuchoma, mlango wa bluu, bendera ya Taifa, na mwembe mkubwa ambao chini yake ndipo unapokaa mkutano mkuu wa kijiji. Ndani kuna meza mbili, benchi la mbao na kabati la chuma lenye kufuli. Kabati hilo ndilo lililonifanya niandike, lakini nianze na kile ambacho wengi huifuata ofisi kwa ajili yake.

Jina la kijiji nitaliacha. Kiko wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, na walio ofisini ni majirani zangu, tunakutana kisimani na msibani. Mimi ni mkulima wa maharage na mihogo, mjane, mama wa watoto 4.

Barua ya utambulisho unaianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akikufahamu anakupa kikaratasi, unakipeleka kwa mtendaji wa kijiji, naye anaandika barua na kugonga muhuri. Mwaka jana nilikwenda na kitinda mimba wangu aliyekuwa anafuatilia kitambulisho cha Taifa. Kwetu barua hii ina uzito wake. Tuko jirani na Burundi, watu wamevuka mpaka kwa miaka mingi wakikimbia vita, kambi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu tangu 1996, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kwa hiyo kijana wa Kiha huulizwa: umezaliwa wapi, babu yako nani, amezikwa wapi. Anayeweza kumjibia kwa maandishi ni kijiji chake.

Mtendaji wetu wa sasa ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Aliniamkia vizuri, akamuuliza mwanangu maswali yake bila kumtisha, kisha akamwita mzee mmoja aliyemfahamu baba mkwe wangu tangu wakichunga mbuzi pamoja. Mzee akasema alichokijua, barua ikaandikwa siku hiyo hiyo. Sikuombwa hata shilingi. Ila hiyo ilikuwa safari ya pili. Ya kwanza tulikuta kufuli, mtendaji ameitwa wilayani, na mlangoni hakuna hata kipande cha karatasi cha kutuambia. Kutoka kwangu mpaka ofisini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kuna mama tuliyemkuta pale ana mtoto mgongoni na alikuwa ametembea zaidi yetu. Tangazo la mistari miwili lingemwokolea siku nzima ya palizi.

Sasa kabati.

Mume wangu alifariki 2017. Mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipoanza, shemeji yangu alikuja shambani bondeni na vijana wawili wenye majembe, akasema ardhi ya ukoo hairithiwi na mwanamke, nimwachie alime. Sikubishana naye kwenye matuta. Nilimwambia, "Shemeji, twende kijijini." Akakubali, kwa sababu aliamini kijijini atashinda.

Mashauri ya namna hiyo yanasikilizwa na Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe wake ni 7, na sheria inataka 3 kati yao wawe wanawake. Halmashauri ya kijiji inawapendekeza, mkutano mkuu unawaidhinisha. Kazi yao ni kusuluhisha. Asiyeridhika anaendelea na vyombo vya juu, lakini nauli za kwenda na kurudi mjini, na siku unazopoteza, zinawashinda wengi wetu. Kwa hiyo kinachosemwa kwenye lile benchi ndicho mara nyingi kinachobaki.

Tulikaa mara 3. Siku ya kwanza alizungumza shemeji, na nikaona wazee wawili wakitikisa vichwa vyao kumkubali. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Siku ya pili, mmoja wa wale wajumbe akina mama, ambaye siku ya kwanza hakufungua kinywa, aliuliza swali moja: "Hili shamba ni la ukoo kweli, au marehemu alipewa na kijiji?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Hata mimi sikuwa nimefikiri kulisema, kwa sababu kwangu lilikuwa shamba letu basi. Mume wangu alipewa na kijiji 2009, wakati lile bonde lilipogawiwa familia changa zisizo na mahali pa kulima.

Mtendaji wa wakati ule aliomba ahirisho mpaka siku ya tatu. Siku hiyo alifungua kabati mbele yetu akatoa kaunta buku ya 2009, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Akasoma kwanza muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji, halafu ule wa mkutano mkuu, maana halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Jina la mume wangu lilikuwa la 11. Mbele yake yameandikwa maneno "na mkewe", kisha jina langu kamili. Halafu mipaka: kutoka mninga uliopigwa radi mpaka kijitoni, hatua 120.

Aliyeandika ule mstari alishahama zamani, alikwenda kufanya kazi wilaya nyingine. Hakuna aliyemwamuru aandike "na mkewe". Kwenye ukurasa ule kuna wanaume wengine waliokuwa na wake na wameandikwa peke yao. Kila ninapopita chini ya ule mninga namwombea dua mtu yule, popote alipo.

Mjumbe mmoja alikumbusha kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Ni kweli, na nafurahi lilisemwa kwa sauti. Lakini nilimwona shemeji usoni. Sheria aliisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Daftari ndilo lililomnyamazisha, kwa sababu kwenye mahudhurio ya ule mkutano wa 2009 lilikuwemo na jina lake mwenyewe. Leo analima ngwe mbili upande wa kijitoni kwa ruhusa yangu, na watoto wangu wanamsalimia.

Baadaye kijiji kilipoanza kutoa hati za hakimiliki ya kimila niliomba yangu. Hapo sina mengi: majirani walikuja kuonyesha mipaka, mwenyekiti na mtendaji wakasaini, ikaenda kusajiliwa wilayani, nikasubiri karibu mwaka mzima. Ipo kwenye sanduku, imefungwa kwenye nailoni.

Bibi yangu mzaa mama alikua wakati Buha, nchi yetu Waha, ikiwa chini ya mwami, yaani mtawala wake, na watware, machifu wadogo waliokuwa chini yake, na alikuwa akisimulia habari za Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha utawala hapa hapa Kasulu. Uchifu ulifutwa 1963. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, bibi akaacha migomba yake mlimani akahamishiwa kwenye mstari wa nyumba barabarani. Hakupenda kuhama na hakuficha hilo mpaka anakufa. Lakini kuna kitu alikuwa akikirudia: zamani ukitaka kujua shamba ni la nani unamuuliza mtware, na mtware akikuchukia, jibu linabadilika. Mimi nimepata jibu la maandishi. Ndiyo maana naumia sana yale maandishi yanapoachwa, na kwetu yaliachwa.

Tulikuwa tunajenga zahanati. Kila kaya ilitoa shilingi 10,000 na siku za kazi. Tulibeba mawe kichwani, tukachota mchanga mtoni, wanawake ndio tuliojaza mapipa ya maji ya kuchanganyia saruji. Boma likafika usawa wa linta. Hapo kukawa kimya. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitwe angalau kila baada ya miezi 3, na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Kwetu, kuanzia Machi 2022 mpaka Februari 2023, haukuitwa hata mmoja.

Wasiosomewa hujisomea wenyewe. Kwenye gulio ikaanza kusemwa kwamba mifuko ya saruji imeuzwa, kisha ikatajwa idadi, kisha likatajwa jina la mtu. Mke wa aliyetajwa aliacha kuja kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopa. Watu wakagoma kuchangia, hata walioweza. Boma likaota majani ndani.

Sisi wa kikoba tulikwenda nyumbani kwa mwenyekiti jioni moja, tukiwa 9. Aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri ndiye aliyesema: "Mheshimiwa mwenyekiti, hatukuja kugombana. Tunaomba mkutano, na tunaomba lile daftari lije mkutanoni." Mwenyekiti alinyamaza kidogo, akasema tumpe wiki mbili. Akatimiza.

Siku ile chini ya mwembe watu walijaa mpaka barabarani. Ikasomwa: mifuko iliyonunuliwa ni 60. Iliyotumika kwenye zahanati ni 46. Iliyobaki 14 ilisakafia darasa la kwanza, ambako watoto walikuwa wanakaa kwenye vumbi na funza wamewaharibu miguu. Mwalimu mkuu akasimama akathibitisha, na sakafu kila mtu alikuwa ameiona kwa macho yake. Wajumbe wa halmashauri ya kijiji walikuwa wamekubaliana kwa mdomo tu, siku ambayo mtendaji yuko likizo, na hakuna aliyeshika kalamu. Mtu aliitwa mwizi karibu mwaka mzima kwa ajili ya ukurasa ambao haukuandikwa. Alipoombwa kusema neno alikataa, akabaki amekaa na kofia yake mkononi.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ninayoiweka juu ya huduma hii, na siiwekei sukari. Saruji ilikwenda mahali pema. Lakini fedha zilikuwa zetu, na uamuzi wa kuzihamisha ulikuwa wa kuletwa kwetu. Tangu siku ile mikutano inaitwa, si kila miezi 3 barabara, ila inaitwa, na kamati ya fedha na mipango inasoma hesabu mstari kwa mstari. Zahanati imepauliwa baada ya halmashauri ya wilaya kutuunga mkono. Bado tunasubiri mganga na muuguzi.

Niwatendee haki wajumbe pia. Mtendaji ni mwajiriwa, analipwa mshahara. Mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ambao kisheria hawapungui 15 wala kuzidi 25, wana mashamba yao kama mimi, na usiku wa manane ng'ombe wakiingia kwenye mahindi ya mtu ndio wanaoamshwa. Wa kamati ya ulinzi na usalama nimewaona wamelala nje wakati wa mavuno. Robo ya wajumbe inatakiwa wawe wanawake. Kwetu wapo, na baada ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024 wawili kati yao wanazungumza vikaoni bila kusubiri kupewa ruhusa kwa jicho. Yule mama aliyeuliza swali la shamba langu sasa ni mmoja wao. Nilimpigia kura mimi na wote wa kikoba.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza: piga simu kwanza, namba ya mtendaji imebandikwa pale ubaoni, na siku ya gulio usiende, utapanga foleni mpaka jua lizame. Ukitozwa chochote dai risiti. Kikao kikikuhusu, kaa mpaka muhtasari usomwe tena kabla ya kufungwa, na usikie jina lako likitamkwa kama linavyoandikwa.

Jumatatu narudi pale na mkamwana wangu. Yeye na mwanangu wamenunua kiwanja kwa jirani, wameandikishana kwenye karatasi ya daftari la shule, wakaweka vidole gumba, basi. Nimewaambia haitoshi. Tutafika saa mbili asubuhi kabla mtendaji hajatoka, tukiwa na muuzaji na majirani wa pande zote nne, na mwanangu anajua tayari nitakachosema kalamu ikishikwa: yaandikwe majina mawili.