Karatasi, matone au kipima-rangi: nilichobaki nacho kwa tangi langu la matumbawe

Nilianza kupima maji ya tangi kwa karatasi za kuchovya. Unachovya, unasubiri, unalinganisha rangi na zile za kwenye kopo, basi. Kwa matumbawe laini zilinitosha. Nilipoingiza Acropora, aina ya tumbawe gumu, ncha zake zikaanza kugeuka nyeupe, na karatasi ikazidi kunionyesha rangi ileile ya kila wiki. Matumbawe magumu hutumia alkalini (kabonati na bikabonati zilizomo majini) na kalsiamu kila siku kujengea mifupa, na pengo kati ya rangi moja na nyingine kwenye karatasi ni pana mno. Alkalini ilishuka humo humo bila mimi kuona.

Nikanunua vipimo vya matone vya kampuni ya Salifert: unadondosha kemikali hadi rangi ya maji ibadilike. Siku ya kwanza nikasoma 6.2 dKH (kizio cha alkalini), nami nilidhani niko 8! Maji ya bahari huwa karibu na 7. Niliipandisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana alkalini ikiruka ghafla nayo huumiza matumbawe. Ushauri mmoja: soma rangi chini ya mwanga mweupe. Taa ya bluu ya tangi inapotosha kabisa rangi anayoiona mpimaji.

Kalsiamu (nalenga 400 hadi 450 ppm, yaani sehemu kwa milioni) na magnesiamu (1250 hadi 1350) bado napima kwa matone. Hazikimbii, kwa hiyo sioni sababu ya kulipia zaidi.

Alkalini ndiyo niliyoinunulia kipima-rangi cha kidijitali, Hanna HI772. Mililita 10 za maji ya tangi, unasawazisha sifuri, mililita 1 ya kemikali, namba inatokea. Hakuna tena kubishana na macho kama hii ni kijani au waridi, na kwa kuwa ni rahisi kutumia, napima mara nyingi zaidi. Ila kina kiwango chake cha makosa: 0.3 dKH pamoja na asilimia 5 ya usomaji. Jana 8.1, leo 8.4, huenda maji ni yaleyale. Ninaandika kila namba daftarini na kufuata mwelekeo wa wiki nzima. Kichupa kifutwe vizuri, alama za vidole hubadilisha matokeo.

Kwa fosfeti nina HI736 ya kampuni hiyohiyo. Inasoma fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), hivyo unazidisha kwa 3.066 na kugawanya kwa 1000. 20 inakuwa kama 0.06 ppm ya fosfeti.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kiwango cha chumvi. Refraktomita yangu, kifaa cha kupima chumvi, naisawazisha kwa kimiminika cha 35 ppt (sehemu kwa elfu), si kwa maji yaliyokenekwa. Chumvi ikiwa pungufu, kalsiamu na magnesiamu nazo zitasoma chini, nawe utaongeza dawa bure.

Maabara ya ICP, inayopima elementi nyingi kwenye sampuli moja ya maji, naitumia tumbawe linapodhoofika na namba zote ziko sawa. Huko shaba hugunduliwa; naitreti haipimwi kwa ICP, hiyo inabaki kazi yako nyumbani.